Wasiokuja Kwenye Daftari

Tabibu wa wodini ana bahati moja ambayo mwenzake wa afya ya umma hana, nayo ni kwamba mgonjwa wake yupo. Amelala kitandani, ana homa, anakohoa, hujibu akiulizwa na huguna akibonyezwa. Na mwanafunzi wa utabibu, asimamapo nyuma ya bega la mkuu wake asubuhi ya kuzungukia vitanda, huuona mkono wa mkuu unapotua, husikia swali linaloulizwa kwanza na lile linalowekwa mwisho, na baada ya siku chache humwona mgonjwa yule yule akivaa viatu vyake kurejea kwao, au akifunikwa shuka usoni. Na katika hali zote mbili funzo limetimia. Lakini yule aliyetwikwa dhima ya kulinda afya ya watu elfu, ama laki, ambao aghalabu yao hawajaugua, na kazi ikifanywa sawasawa hawataugua, amwonyeshe nini mwanafunzi wake? Surua isiyotokea haina upele. Kipindupindu kilichozuiwa kisimani hakimwachii mtu kovu la kulitazama. Mtoto ambaye angekufa mwezi wa tatu na hakufa anacheza mpira uwanjani pamoja na wenzake, wala yeye wala mama yake wala mwalimu wake hajui kwamba kuna aliyemtetea.

Ndiyo sababu, kwa fikira zangu, hakuna kazi katika elimu ya tiba imhitajiyo mlezi kama hii, wala hakuna ambayo mlezi wake ni mgumu zaidi kumtambua. Vijana wetu hutoka Makerere. Wengine hutoka katika vyuo vya wauguzi na wakunga vya Arua na Kuluva, na wengine katika Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa papa hapa Arua mwaka 2013. Hutoka na elimu njema ya hesabu za mlipuko na ya tabia za vijidudu, kisha hupelekwa vituoni, na siku ya kwanza hukabidhiwa ufunguo wa friji la chanjo, rundo la fomu za ripoti ya kila juma, na tarafa nzima ya watu wasiowajua. Atafutaye mlezi siku hiyo hajui hata amtafute mwenye sifa gani. Kwa kawaida humwendea mwenye cheo. Na cheo si dalili mbaya, ila humweka mtu ofisini, na maradhi ya umma hayana desturi ya kupiga hodi ofisini.

Nitwae mfano wa malale, kwa kuwa katika West Nile, pembe yetu hii ya Uganda, maradhi hayo yametufunza mambo ambayo darasa halikuweza. Mbung'o anayeeneza malale ya namna ya gambiense hukaa kwenye vichaka vya kingo za mito, pale pale wanawake wanapoteka maji, watoto wanapooga na wachungaji wanaponywesha mifugo. Na maradhi yenyewe huingia kwa upole wa mnafiki. Kwa miezi mingi, na pengine kwa miaka, mtu huwa na homa ya kuja na kuondoka, na maumivu ya kichwa, na vitezi vilivyovimba kisogoni ambavyo havimuumi hata akavijali. Hatimaye vijidudu huvuka na kuingia ubongoni. Mgonjwa akalala mchana na kukesha usiku, akabadilika tabia, akamtusi mzazi wake, na jamaa wakasadiki kwamba amerogwa. Akifikishwa hospitali katika hali hiyo, dawa iliyotumika kwa miongo mingi ilikuwa melasoproli, iliyo na sumu ya aseniki ndani yake, ambayo kati ya wagonjwa 100 waliodungwa iliwaua takriban 5.

Basi hikima yote ya malale ilikuwa ni kuwahi, yaani kumpata mgonjwa kabla mwenyewe hajajijua kuwa ni mgonjwa. Watumishi walikwenda vijijini, watu wakapangwa mstari chini ya mwembe, shingo zikapapaswa moja baada ya moja, tezi iliyoshukiwa ikachomwa sindano, na tone la majimaji yake likawekwa chini ya hadubini upesi, vijidudu vikiwa bado hai na vinajinyonganyonga. Kitabu chaweza kueleza haya yote, nami nimeyaeleza kwa sentensi chache. Lakini kidole kinachojua tofauti kati ya tezi ya malale na tezi iliyovimba kwa sababu ya vidonda vya kichwani kilijifunza kwa kuongozwa na kidole kingine, juu ya shingo ya mtu aliyekuwapo.

Sasa tazama yaliyojiri. Mwaka 1979 ilipoanguka serikali ya Idi Amin, aliyekuwa na asili ya Kikakwa ya Koboko, kisasi cha vita kiliwaangukia watu wa West Nile wote, wenye hatia na wasio nayo, nao wakavuka kwa malaki kuingia Sudani na Kongo. Na mwaka 1981 damu ilimwagika hata ndani ya misheni ya Ombaci, mwendo mfupi kutoka Arua mjini, walimokuwa raia wamekimbilia hifadhi. Katika msafara ule wa wakimbizi walikuwamo wauguzi, wasaidizi wa maabara na mabwana afya, na kila mmoja aliyevuka mpaka alivuka na elimu yake mikononi, asiweze kumwachia mtu, maana hapakuwa na wa kuachiwa. Watu waliporejea katika miaka ya 1980 walirejea na malale. Maradhi yaliyokuwa yamebanwa yakatambaa tena kandokando ya mito, hata Madaktari Wasio na Mipaka wakaja kuyakabili, kwanza Moyo katikati ya miaka hiyo, kisha Omugo kuanzia 1995 hadi 2002. Waandishi wa taarifa hutaja vita, njaa, wahamaji na mbung'o kuwa sababu za kurudi kwake, nao wasema kweli. Mimi naongeza sababu moja ambayo haina safu yake katika fomu, nayo ni kukatika kwa silsila ya mwalimu na mwanafunzi. Dawa ilipokosekana iliweza kuletwa kwa ndege. Jicho lililozoea halikuwa katika shehena.

Ajabu iliyofuata ni kubwa kuliko hiyo. Tangu mwaka 2011 wataalamu wa Liverpool pamoja na wenzao Waganda walijaribu, kando ya mito ya Arua na Maracha, vitambaa vidogo vya buluu vilivyounganishwa na wavu mweusi, urefu wa nusu mita na kimo cha robo mita, vikiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Mbung'o huvutwa na ile buluu, hugota kwenye wavu, hufa. Wakapungua zaidi ya tisa katika kila kumi, na vitambaa vikaenea hata Koboko na Yumbe. Dawa nazo zikatengenea, tukafika hatua ya vidonge vya siku kumi, visivyo na aseniki wala sindano. Wagonjwa wakawa wa kuhesabika kwa vidole, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba malale ya gambiense si tatizo la afya ya umma tena katika Uganda. Alhamdulillahi. Ila sasa niambie: binti aliyehitimu mwaka huo, akapewa kituo cha ngazi ya tatu karibu na mto Kaya, ataifahamu vipi shingo ya malale siku atakapoingia mgonjwa mmoja kutoka ng'ambo, ambako vitambaa vya buluu havikufika? Hakuona hata mmoja alipokuwa chuoni. Waliomfundisha huenda nao hawakuona. Katika kazi nyingine ustadi wa mtu humzidishia mifano ya kufundishia; katika kazi yetu ustadi huifuta mifano, na kadiri tunavyoshinda ndivyo elimu ya ushindi inavyobaki vifuani mwa watu wachache wanaozeeka.

Mmoja wa wachache hao yuko Koboko, bwana afya mstaafu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa angeona haya. Kikakwa ni lugha ya mama yake, Kinubi alikipata sokoni, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, chenye amri nyingi na radhi chache. Koboko, kwa asiyekujua, ni wilaya iliyokatwa kutoka Arua mwaka 2005, mwisho kabisa wa pembe ya Uganda, na barabara yake ya lami inayotoka Vurra na kupita Arua huishia Oraba, mbele ya kituo cha forodha cha Sudani Kusini. Na mahali paitwapo Salia Musala nchi tatu hukutana bila ukuta wala mto mkubwa wa kuzitenga. Wakakwa wapo katika nchi zote tatu. Mtu huamka Uganda, hulima Kongo, na akioa mke wa pili humjengea Sudani. Mpaka kwao ni jambo la serikali.

Kwa mzee huyo alikuja siku moja, nami nikiwapo, afisa kijana wa afya, binti mwenye bidii na adabu, akiwa na furaha isiyofichika kwa sababu hesabu za chanjo ya surua katika eneo lake zilikuwa zimepita asilimia mia. Mzee aliisoma karatasi kwa makini, akaikunja, akamrudishia.

"Hawa waliokuja nimewaona," alisema. "Nitajie wasiokuja, binti yangu."

"Baba, wamekuja wote, na wengine wamezidi."

"Waliozidi wana mama zao. Mama zao wanakaa wapi?"

Binti hakuwa na jawabu, wala mzee hakumpa. Juma lililofuata, siku ya soko, walipanda pikipiki hadi kwenye moja ya zile njia za panya zinazokwepa kituo cha forodha, wakaketi juu ya gogo tangu alfajiri hadi adhuhuri wakitazama wapitao. Walipita akina mama na mihogo, na mafuta, na kuku waliofungwa miguu, na wengi wao walikuwa na watoto mgongoni. Binti akawa anawaamkia na kuomba kuona kadi ya mtoto, na kadi zikawa za kila namna: nyingine za Kongo, nyingine za Sudani Kusini, nyingine za kwetu mikononi mwa watoto ambao usiku hulala ng'ambo. Kumbe wale waliopitisha hesabu juu ya mia walikuwa wageni, watoto halali kabisa wa kuchanjwa, kwa maana surua haiulizi uraia, lakini hawakuhesabiwa katika idadi ya watu ambayo wilaya iligawanyia. Na nyuma ya migongo yao, wakiwa wamesitirika vizuri ndani ya asilimia mia na zaidi, walikuwapo watoto wa vilima vya mbali ambao hawakuletwa kabisa, na karatasi ilikuwa imewafuta bila kukusudia. Siku nyingine walikwenda kuwatafuta hao. Sikufuatana nao, kwa hiyo sina la kusimulia, ila nilisikia kwamba pikipiki ilikwama matopeni na binti akarudi amebeba viatu mkononi.

Nimekaa na mzee huyo mara nyingi tangu hapo, si kwa sababu ya hotuba zake, maana hana hata moja, bali kwa sababu ya vitu anavyovitazama. Akifika kijijini haulizi kama kuna vyoo, kwa kuwa ataambiwa vipo. Huangalia njia inayoelekea chooni kama ina majani, maana choo chenye majani mlangoni ni cha kumridhisha mkaguzi tu. Akitaka kujua kama homa zimezidi hupita dukani kwanza, akamwuliza muuzaji ni dawa gani imemwishia upesi mwezi huu. Na akitaka kujua vifo huwaendea wale wanaozika, yaani imamu, katekista na vijana wachimbao makaburi, kwa sababu daftari la kituo huandika waliofia kituoni, na waliofia nyumbani huandikwa na jembe. Hayo ndiyo maswali ambayo hakuna mtihani utakaoyauliza, na kijana anayetafuta mlezi wa kazi hii, laiti angenisikiliza, ningemwambia amwangalie mtu kwa maswali yake kabla ya kumwangalia kwa majawabu yake. Mtu anayekuonyesha kilichopo amekusaidia. Anayekuzoeza kuona kisichokuwapo, huyo usimwache hata akiwa mkali.

Wala si jambo jipya katika ardhi hii. Kusini mwa Arua, kwenye njia iendayo Nebbi na Pakwach, ipo hospitali ya Kuluva, iliyoanzishwa katika miaka ya 1940 na tabibu wa misheni aliyeitwa Edward Williams, ambaye rafiki zake walimwita Ted, pamoja na mkewe Muriel. Kampala nako, katika hospitali ya Mulago, mwaka 1957, tabibu Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, uvimbe ambao haukufanana na chochote alichokijua. Burkitt akamtazama huyo, akaona na mwingine Jinja, akaanza kujiuliza uvimbe huo unapatikana wapi na wapi; akapata paundi 25 za kuchapisha karatasi zenye picha na maswali, akazipeleka kwenye hospitali za Afrika. Na mwisho wa mwaka 1961 aliondoka kwa gari pamoja na Ted Williams na tabibu mwingine, Cliff Nelson, wakasafiri majuma kumi, maili 10,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama katika hospitali zaidi ya hamsini kuonyesha picha zile na kuuliza: mmewahi kuuona huu?

Wasimulizi wengi wa safari hiyo huifurahia kwa ajili ya mavumbi yake na pancha zake. Mimi hunishughulisha jambo jingine. Jawabu la ndiyo lilikuwa na thamani, lakini jawabu la hapana lilikuwa na thamani sawa nalo. Maana hospitali za nyanda za juu na zenye baridi zilisema hapana, zikasema hapana tena, na kutokana na hapana hizo ndipo ilipochoreka ramani ya maradhi yanayofuata joto na mvua, ambayo Alexander Haddow wa taasisi ya virusi ya Entebbe aliitambua kuwa inashabihi ramani ya mbu. Watu watatu walikwenda maili 10,000 kuhesabu wasiokuwapo. Trowell hakuandamana nao. Kazi yake ilikuwa ni kumwita mwenzake aje atazame, kisha asiudai ugunduzi kuwa ni wake. Katika walezi wote ninaowasikia, huyo aliyefungua mlango na kusimama kando ndiye ninayemhusudu.

Williams alirejea Kuluva, na huko akafanya jambo lisilo na mavumbi wala pancha: aliandika. Kila mtoto wa West Nile aliyeletwa na uvimbe ule wa saratani alimwandika, kijiji alichotoka na tarehe ulipoanza; na mwaka 1967 yeye pamoja na Malcolm Pike na B. Wright walichapisha hesabu za miaka 1961 hadi 1965, zilizobainisha kwamba wagonjwa walikuwa wakijikusanya kimahali na kiwakati, kwa namna isiyoweza kuitwa sadfa. Kwa kuwa daftari lilikuwapo, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulikuja West Nile katika miaka ya 1970, damu ikatolewa kwa watoto wapatao 42,000 wakiwa wazima, ikahifadhiwa, watu wakangoja. Kati ya hao waliougua baadaye walikuwa 14 ilipoandikwa taarifa ya mwaka 1978, na damu yao ya zamani ilionyesha kwamba kirusi cha Epstein-Barr kilikuwa kimewaelemea kuliko wenzao kabla uvimbe haujatokea. Elfu arobaini na mbili walichomwa sindano ili kumi na wanne waseme jambo. Na sauti ya hao kumi na wanne isingesikika laiti wale wengine wote wasingekuwapo kimya nyuma yao.

Naisoma taarifa hiyo kwa taadhima, na kwa uchungu kidogo. Juu yake yamo majina ya mabingwa wa Ulaya na Marekani, na katikati yao jina la P. M. Tukei wa Entebbe, ambaye baadaye aliitumikia elimu ya virusi nchini Kenya. Lakini watoto 42,000 hawakujileta wenyewe. Walikuwapo waliozijua njia za Terego na Vurra, waliomshawishi bibi mzee amwachie mjukuu wake achomwe sindano ilhali haumwi, waliorudi nyumba ile ile mwaka uliofuata kuuliza kama mtoto yu hai. Majina yao hayako juu ya karatasi, na jambo hilo lina hasara iliyo nje ya heshima: asiyetajwa haulizwi, na asiyeulizwa hafundishi. Nadhani West Nile ilikuwa na walimu wa elimu ya magonjwa ya umma kabla haijawa na shule yake, ila hakuna aliyewaita walimu.

Leo tunazo semina. Sisemi kwa dharau, kwa kuwa nimekula wali wa semina nyingi katika hoteli za Arua, na wali huwa mzuri. Siku tatu, kalamu, daftari jipya, posho, picha ya pamoja kwenye ngazi, na kila mtu hurudi kituoni na cheti. Mafunzo mengine ya hapo hufaa sana, hasa kuhusu dawa mpya na fomu mpya. Lakini jambo la kustaajabisha ni kwamba fungu la fedha hupatikana daima la kuwakusanya watu thelathini mbali na kazi yao ili waambiwe namna ya kuifanya, na halipatikani la kumnunulia mzee mmoja petroli afuatane na kijana mmoja mahali kazi ilipo. Anayetoa fedha hupenda kuhesabu vichwa. Mzee na kijana juu ya pikipiki ni vichwa viwili tu.

Nikisema hivyo juu ya ulezi, vijana huniuliza habari za tabibu Matthew Lukwiya, nami hufurahi kuulizwa, kwa kuwa ng'ambo ya Nile, katika hospitali ya Lacor mjini Gulu, hapajapata kutokea mfano ulio wazi kuliko wake. Alilelewa kikazi na Piero Corti na Lucille Teasdale, mume na mke walioikuza hospitali ile. Na mwezi wa kumi mwaka 2000, akiwa Kampala masomoni, akichukua shahada ya afya ya umma huko Makerere, aliitwa arudi kwa kuwa wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa maradhi yasiyoeleweka. Alikesha akisoma majalada ya waliokufa, akaunganisha, akashuku homa ya kutoka damu, akapiga simu Kampala bila kungoja ngazi za utaratibu. Ilikuwa Ebola, watu 425 waliugua, 224 wakafa, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe, tarehe 5 Desemba. Mungu amrehemu. Nasema hata hivyo kwa hadhari: kijana anayemtafuta Lukwiya awe mlezi wake atangoja sana, na huenda akawapita njiani walezi kumi wasio na kifo cha kishujaa. Ushujaa ule uliwezekana kwa sababu adui alionekana. Ninayemwona mimi kuwa mwalimu ni yule Lukwiya wa usiku wa majalada, aliyekuwa akiulizana na karatasi ni nini kinachowaunganisha watu hawa, kabla hajavaa glavu wala barakoa wala hajawa habari ya gazeti. Usiku huo kila bwana afya anaweza kuuiga.

Kuwa mlezi, kwa upande wake, ni taklifu ambayo wengi wetu huikwepa kwa visingizio vya adabu. Husema hatujaelimika vya kutosha, kwamba vijana wa siku hizi wanajua kompyuta, kwamba hakuna aliyetuomba. Ukweli mwingine ni kwamba elimu ya kuona wasiokuwapo imepatikana kwa taabu, na mwenye nayo huona kidogo kwamba akiigawa itampungukia; na katika ofisi ambamo anayejua njia ya kilimani ndiye anayeitwa wageni wanapokuja, hofu hiyo si ya kijinga. Isitoshe mwanafunzi mzuri humrekebisha mwalimu. Yule binti ndiye aliyemwonyesha mzee kwamba simu za akina mama wauzao sokoni zaweza kumletea habari ya upele saa ile ile unapoonekana, ilhali yeye alikuwa amezoea kungoja ripoti ya juma; mzee alinuna siku mbili, kisha akanunua simu.

Na zipo nyakati ambapo anayefundisha na anayefundishwa hawajulikani nani ni nani. Katika miinuko ya Zombo na Vurra, juu ya mita 1,300 hivi, tauni bado hutokea, ya viroboto na panya, ileile ya vitabu vya historia. Na waganga wa kienyeji, ambao kwa miaka mingi watumishi wa afya waliwatazama kama wapinzani, ndio waliokuwa wakifikiwa kwanza na wagonjwa. Watafiti wa taasisi ya virusi ya Uganda na wenzao Wamarekani walifanya jambo la busara: waliwaendea waganga, wakawafunza dalili za tauni, wakawaomba wampeleke mgonjwa kituoni mara moja. Huo ndio upande unaoandikwa. Upande usioandikwa sana ni kwamba mganga naye alikuwa anajua kitu ambacho afisa hakukijua: nani kijijini anaumwa na haendi hospitali, na kwa nini haendi. Kwa lugha ya mzee wa Koboko, mganga alikuwa na daftari la wasiokuja. Afisa aliyekaa mkekani kwa mganga, akanywa chai yake na kumsikiliza kabla ya kumfunza, alipata mlezi ambaye wizara isingemteua asilani.

Wako wanaonijibu kwamba mapenzi yangu kwa wazee yamepita kiasi, na kwamba mambo mengi waliyoyajua yamepitwa na wakati. Nakubali sehemu. Mzee wangu bado husifu DDT, na kuna mambo mawili matatu kuhusu uzazi wa mpango ambayo nisingependa amfundishe mtu. Lakini Ebola ilifika Ariwara mwaka 2019, upande wa Kongo, karibu kabisa na Arua, na mpaka ule una njia za panya zile zile ambazo hakuna anayezijua zote isipokuwa waliozeeka wakizipita. Ningeitaka wilaya ya Koboko, na jiji la Arua pia, iweke kiti kimoja katika ofisi ya afya kwa ajili ya mstaafu mmoja, siku moja kila juma, na lita chache za petroli, na kijana mmoja wa kufuatana naye aliyesamehewa ripoti siku hiyo. Gharama yake kwa mwaka haifiki ya semina moja yenye wali. Binti wa hadithi yangu amekwisha hamishiwa wilaya nyingine, kama ilivyo ada ya serikali, na badala yake amekuja kijana wa Mbarara asiyejua Kikakwa wala Kinubi. Mzee, ambaye hajapewa kiti wala petroli, amemwambia anunue buti za mpira, na wasiondoke kabla kijana hajaleta orodha ya vijiji vyake, kila kimoja kikiwa na jina la anayezika.